Kisu Hiki Kiligusa Nini Kabla?

Ukiingia kwenye bucha yenye jiko la kuchomea, iwe Nairobi, Arusha au Moshi, mambo huenda hivi. Unasimama mbele ya kioo, unaonyesha mbavu au paja unalolitaka, muuzaji analiteremsha kutoka kwenye ndoano, analikata juu ya gogo, analiweka kwenye mizani, mnakubaliana bei. Unakwenda kukaa. Saa nzima baadaye nyama inakujia imeiva, inanukia, imelazwa juu ya ubao. Mchomaji anasimama mezani pako na kisu, anaikata vipande vidogo vidogo, anamwaga chumvi pembeni na kachumbari kando yake. Mnaanza kula kwa mikono.

Moto umefanya kazi yake. Nyama iliyokaa juu ya makaa mpaka ikaiva nje na ndani si ya kutiliwa shaka. Wa kutiliwa shaka ni ule ubao. Na kisu. Na mkono ulioshika mbavu mbichi, ukafungua friji ya soda, ukapokea pesa, ukachota chumvi. Ikiwa ubao ule ndio uliobeba nyama mbichi kwenda jikoni, na kisu kile ndicho kilichoipasua, basi nyama yako imepikwa, kisha imerudishwa kwenye damu yake.

Maafisa afya huita jambo hili uchafuzi mtambuka: vimelea kutoka kwenye kitu kibichi au kichafu huhamia kwenye chakula kilicho tayari kuliwa, kwa kupitia kitu cha kati. Hicho cha kati ndicho nitakachokiandama hapa, kwa sababu hakuna anayekitazama. Mteja huangalia sahani kama inang'aa. Mwenye mgahawa huangalia sakafu kama imepigwa deki. Vyote ni vizuri, lakini havijibu swali lenye uzito: kitu hiki kinachogusa chakula changu sasa hivi, kiligusa nini kabla? Kisu kinaweza kumeta kama kioo na huku kimetoka kupasua kuku dakika mbili zilizopita, kikafutwa tu.

Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2015, lilisema Waafrika wapatao milioni 91 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula, na 137,000 hufa. Si wote walioponzwa na ubao au kitambaa. Wako walioponzwa na maji, wako waliokula kisichoiva. Ila ubao na kitambaa tunaweza kuvirekebisha leo jioni, bila kusubiri bomba jipya la mtaa wala mkopo wa benki.

Vimelea havitembei, hubebwa

Bakteria wa kuku hana miguu ya kumfikisha kwenye kachumbari. Anahitaji mbebaji, na jikoni wabebaji wakubwa ni mikono, vitambaa, visu, mbao za kukatia na maji yanayorukaruka. Kila mguso ni kama kituo cha daladala: wengine hushuka, wengine hubaki, wengine hupanda.

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walichapisha vipimo vya safari hiyo. Walitumia bakteria wasio na madhara walioweza kuwatambua, wakafuatilia wanavyohama katika kazi za kawaida za jikoni la mgahawa: kutoka kwa kuku hadi mkononi, kutoka mkononi hadi kwenye koki ya bomba, kutoka mkononi hadi kwenye majani ya saladi. Kiasi kilichohama kilitofautiana mno, kuanzia asilimia 0.0005 hadi asilimia 100. Mara hii karibu hakuna kinachohama, mara nyingine vinahama vyote.

Tofauti hiyo inaeleza maneno ambayo kila afisa afya ameshayasikia: "Mimi nimepika hivi miaka kumi na tano na hakuna aliyeumwa." Anayesema hivyo hasemi uongo. Siku nyingi bahati ilikuwa upande wake. Na siku ambayo haikuwa, hakuna aliyerudi kumwambia, kwa sababu bakteria kama kampilobakta, anayekaa sana kwenye matumbo ya kuku, humchukua mtu siku mbili hadi tano kabla tumbo halijaanza kusokota. Kufikia hapo mgonjwa amekula sehemu nyingine sita, na lawama anaipa ile ya mwisho.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Kuku mmoja mbichi ana bakteria milioni moja kwenye ngozi. Mmoja katika kila mia anahamia mkononi: elfu kumi. Mmoja katika kila kumi wa hao anashuka kwenye nyanya zinazokatwa: elfu moja. Unaweza kudhani elfu moja ni kitu kidogo kikilinganishwa na milioni. Lakini mwaka 1981 mtafiti mmoja Mwingereza alieleza jinsi alivyokunywa, kwa hiari yake, maziwa yenye kampilobakta wapatao 500 tu, akaugua. Shigela, anayeleta kuhara damu, hutosheka na kati ya 10 na 100. Virusi vya noro, vinavyotapisha na kuharisha watu kwa makundi, vinahitaji chembe chache tu. Hivyo kupunguza uchafu kwa asilimia 99 kunaweza kuwa bado hakujakutoa kwenye hatari.

Maji ndiyo gari

Neno moja ambalo natamani kila jiko lingelibandika ukutani ni ukavu. Mwaka 1997 watafiti wa New Zealand walipima bakteria wanaotoka kwenye mikono iliyooshwa wakati mtu anapogusa ngozi, chakula na vyombo. Waligundua kuwa kinachoamua ni bakteria wangapi watahama ni maji yaliyobaki mkononi. Mkono uliooshwa ukakaushwa vizuri ulihamisha wachache mno. Mkono uliooshwa ukaachwa unachuruzika ulihamisha wengi kupita kiasi.

Sababu yake inaeleweka. Kwenye kitu kikavu bakteria hunasa kwenye vinyweleo na mikwaruzo. Mkigusana kukiwa na maji katikati, utando wa maji unakuwa daraja: wanaelea, wanavuka. Ndiyo maana tikiti, nyanya na nyama yenye majimaji huokota uchafu wa meza upesi kuliko mkate mkavu au maandazi.

Sasa angalia tunavyonawa. Mhudumu ananawa kwa sabuni, vizuri kabisa, kisha anajifutia wapi? Kwenye aproni iliyofuta mikono tangu alfajiri. Kwenye kanga iliyofungwa kiunoni. Kwenye taulo moja linaloning'inia msumarini kwa ajili ya watu wote. Alichokitoa kwa sabuni anakiokota tena kwa kitambaa, na sasa mkono una unyevu wa kukisambaza. Pasipokuwa na karatasi za kujifutia, ni afadhali apunge mikono hewani mpaka ikauke, hata kama foleni ya saa saba mchana inamsubiri.

Glavu zina hadithi yake. Zinasaidia, na vipimo vya Rutgers vilionyesha zinapunguza uchafu unaotoka mkononi kwenda kwenye chakula, japo haziuzuii wote. Tatizo lake ni la kibinadamu: anayevaa glavu haoni mikono yake kuwa michafu, kwa hiyo hainawi. Ngozi ikilowa damu ya kuku utaisikia inanata, glavu haikuambii. Nimeona muuza chipsi akipokea noti ya elfu kumi kwa mkono wenye glavu, akarudisha chenji, kisha kwa glavu ileile akatia kachumbari kwenye sahani ya mteja, na mteja akaridhika kwa sababu ameona glavu.

Kopo la chumvi

Watu wakiulizwa ni kitu gani jikoni kinachafuka zaidi nyama mbichi inapotayarishwa, hutaja ubao na sinki. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuwaweka watu kwenye majiko ya majaribio, ikawapa nyama ya bata mzinga iliyosagwa, iliyotiwa vijidudu visivyodhuru kuwa alama, ikawaacha wapike. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Karibu nusu yao, asilimia 48, walihamishia alama ile kwenye makopo ya viungo. Asilimia 11 waliiacha kwenye mpini wa friji. Na mara 97 katika kila 100 walizopaswa kunawa mikono, ama hawakunawa au hawakunawa ipasavyo.

Ukifikiri, huwezi kushangaa. Ubao ukichafuka unauona, unauosha. Kopo la chumvi hushikwa katikati ya kazi, mkono mmoja ukiwa umeshika nyama, na hakuna aliyewahi kuosha kopo la chumvi. Linakaa pale tangu Jumatatu hadi Jumamosi likipokea na kutoa. Weka kwenye kundi hilo chupa ya mafuta, koki ya bomba, kitasa cha mlango wa choo, swichi ya taa, mpini wa jagi la maji, kifuniko cha jokofu, na siku hizi simu, ambayo mpishi anapokelea oda huku kidole kina majimaji ya samaki.

Dawa yake kwenye jiko dogo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: chota kwanza, shika baadaye. Kabla hujagusa nyama mbichi, mimina chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu vya kutosha kwenye kibakuli. Kinachobaki kwenye kibakuli baada ya kazi hakirudi koponi. Kinaingia sufuriani kikaive.

Tumuoshe kuku au tusimuoshe?

Hapa najua naingia kwenye ugomvi. Mabingwa wa usalama wa chakula wa Ulaya na Marekani husema kuku asioshwe kabisa, kwa kuwa maji yanayomgonga huruka na kusambaza bakteria sinkini na kandokando. Utafiti mwingine wa wizara hiyo ya Marekani, wa mwaka 2019, ulikuta kuwa asilimia 60 ya waliomuosha kuku waliacha bakteria kwenye sinki, na asilimia 14 walibaki nao hata baada ya kujaribu kuisafisha. Asilimia 26 waliwafikisha hadi kwenye saladi.

Lakini mle ndani mna takwimu nyingine isiyosemwa sana. Kati ya wale ambao hawakumuosha kuku kabisa, asilimia 31 nao waliwafikisha bakteria kwenye saladi. Maji yanayoruka ni njia moja tu, na mikono isiyonawiwa inatosha kufanya kazi yote bila msaada wake.

Kisha kuna kuku wetu. Wa kienyeji aliyechinjwa uani, akachovywa maji moto, akanyonyolewa, akatolewa matumbo kwenye beseni, ana damu na manyoya na huenda nyongo imempasukia. Kumwambia mama lishe wa Tandale asimuoshe huyo ni kumwambia jambo atakalolipuuza, na kwa haki. Ninachomwomba ni kingine. Amuoshe ndani ya beseni lenye kina, kwa maji yaliyotulia, asimfungulie bomba kwa kasi. Amuoshe mapema kabla hajaanza kukata mboga, mbali na vyombo vilivyokwisha kukauka. Maji yale yamwagwe chini taratibu, na beseni lile lisiwe la kuoshea sahani wala mchele. Kuku wa kwenye mfuko, aliyekwisha kusafishwa kiwandani, huyo aende moja kwa moja sufuriani. Na ndimu humpa ladha na kumwondolea shombo, lakini haiui bakteria kwa kiasi cha kutegemewa. Anayewaua ni moto.

Kitambaa

Keti kwenye benchi la mama lishe au hoteli yoyote ya mtaani saa sita mchana, agiza chakula chako, kisha chagua kitambaa kimoja ukifuate kwa macho. Kinafuta meza iliyomwagikiwa mchuzi wa samaki. Kinakamuliwa ndani ya ndoo ambayo maji yake yamekuwa na rangi ya chai. Kinafuta meza ya pili, ya tatu. Kinafuta kiti alichokalia mtoto. Kinainua sufuria ya moto. Mtu anajifutia mikono. Kinafuta ukingo wa sahani uliochafuka kidogo kabla haijapelekwa kwa mteja, na hapo kwenye ukingo ndipo ninapotaka tusimame.

Kitambaa kina kila anachokitaka bakteria: unyevu, joto la jikoni, mabaki ya chakula yaliyonasa kwenye nyuzi. Hakibebi tu, kinalea. Bakteria wengi, wakipata joto na chakula, huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akiachwa kwenye hali hiyo saa saba, atakuwa amezaa zaidi ya milioni mbili. Kitambaa kilichokamuliwa saa nne usiku, kikaachwa kimeviringwa kwenye sinki, asubuhi si kitambaa tena, ni shamba. Kisha tunakichukua na kwenda kulipanda kwenye kila meza, tukiwa tunaamini tunasafisha.

Virusi ni tofauti kidogo. Wao hawazaliani kwenye kitambaa wala kwenye chakula, ila wanavumilia. Watafiti wa Uingereza mwaka 2004 walifanya majaribio na virusi vya noro. Vidole vilivyochafuka viliweza kuvipeleka virusi hivyo kwenye vitu safi hadi saba, kimoja baada ya kingine: meza, bomba, vitasa, simu. Walipofuta sehemu zenye virusi kwa kitambaa na sabuni tu, virusi havikuisha. Kitambaa kilivihamishia sehemu nyingine na mikononi mwa aliyekuwa anafuta. Kilichofanya kazi ni kuondoa uchafu kwanza, kisha kutia klorini ya kutosha.

Hapo ndipo watu wengi hukosea kuhusu jiki. Humimina kidogo kwenye ndoo yenye maji machafu, harufu ikisikika wanaona kazi imekwisha. Klorini hushambulia uchafu wowote inaoukuta, uwe mafuta, wali au damu, na ikishamalizana na huo haina nguvu iliyobaki ya kuua vimelea. Kwa hiyo sabuni kwanza, suuza, ndipo jiki. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji safi kinatosha kwa meza, mbao na visu vilivyokwisha kuoshwa. Acha dakika moja au mbili, usifute, pakauke penyewe. Maji hayo yachanganywe kila siku upya, maana nguvu yake hupotea. Mtu akitapika ndani ya mgahawa, kipimo ni kingine kabisa: sehemu moja ya jiki hiyohiyo kwa sehemu sita za maji, baada ya kuzoa matapishi, na kitambaa kilichotumika kitupwe. Jiki isichanganywe na siki wala dawa ya kuoshea choo, kwa sababu hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Kuhusu vitambaa vyenyewe, nunua doti moja ya kitambaa cheupe cha bei nafuu, kikate vipande ishirini. Tumia kipande saa moja au mbili, kitupe kwenye ndoo ya vichafu, chukua kingine. Jioni vyote vichemshwe, vianikwe juani. Jua kali la kwetu hukausha kitambaa upesi, na ukavu ni nusu ya kazi.

Beseni la tatu

Mahali pasipo na bomba sahani huoshwa kwenye mabeseni. La kwanza lina sabuni, la pili la kusuuza, la tatu la kusuuza tena. Utaratibu huo si mbaya. Kinachouharibu ni kwamba maji ya kubeba kichwani au ya kununua kwa dumu hutumika hadi dakika ya mwisho. Sahani ya mteja wa themanini inapita kwenye maji yaliyosuuza sahani sabini na tisa, na kama mmoja kati ya hao alikuwa mgonjwa, beseni la tatu linawagawia wote kwa usawa.

Maji yakiwa machache, ni bora kukwangua mabaki yote kwanza kwa mkono au karatasi kabla sahani haijagusa beseni la sabuni. Hilo peke yake hurefusha maisha ya maji. Beseni la mwisho litiwe jiki kwa kipimo kile cha kijiko kwa lita. Kisha sahani zipangwe kwenye kichanja, zikauke kwa upepo. Bibi zetu waliojenga vichanja vya miti nyuma ya jiko walikuwa na akili kuliko anayekausha sahani safi kwa kitambaa cha jana. Kwa mikono, kibuyu chirizi cha dumu na kamba kinashinda beseni la kunawia watu kumi kwa zamu, kwa kuwa maji yaliyokwisha kupita mkononi hayarudi kwa mwingine.

Mashine isiyofunguka

Mwaka 2005 kusini mwa Wales, watoto wa shule walianza kuharisha damu. Waliougua walifika 157, shule zilizoguswa zilikuwa 44, na mvulana wa miaka mitano alifariki. Aliyewaangusha hao ni bakteria E. koli aina ya O157, anayetoka kwenye matumbo ya ng'ombe na ambaye chini ya mia moja wanaweza kutosha kumwangusha mtoto. Nyama waliyokula ilikuwa imepikwa. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Profesa Hugh Pennington, uliotoa ripoti mwaka 2009, ulielekeza kwenye duka la mchinjaji aliyezihudumia shule hizo. Mashine yake ya kufungashia kwa kunyonya hewa ilikuwa inatumika kwa nyama mbichi na kwa nyama iliyopikwa.

Mashine kama hiyo ina mirija, mipira na pembe ambazo mkono haufiki. Unaweza kuifuta nje mpaka ikameta, huku ndani uchafu umejenga utando wa ute unaowakinga bakteria dhidi ya sabuni. Uingereza baadaye ilitoa mwongozo kuwa mashine za namna hii zisitumike kwa kibichi na kilichopikwa hata kama zinasafishwa katikati. Huo ndio uamuzi sahihi, na kwetu unahusu mashine ya kusagia nyama inayosaga pia pilipili, msumeno wa bucha, na blenda ya juisi ambayo mpira wake wa chini haujawahi kutolewa tangu iliponunuliwa. Kama huwezi kukifungua, huwezi kukisafisha.

Mbao za kukatia zina ubishi wa namna hiyo. Wengi wanaamini plastiki ni salama kuliko mti. Dean Cliver na wenzake, Marekani, walionyesha mwaka 1994 kuwa bakteria waliowekwa kwenye ubao wa mti huzama ndani na mara nyingi hawarudi juu, wakati plastiki iliyochanwachanwa na visu huwahifadhi kwenye mikwaruzo. Lakini huo si ruhusa ya gogo la bucha lililopasuka na kujaa mafuta. Mti mgumu, laini juu, unaokauka kati ya kazi na kazi ni sawa. Plastiki mpya isiyo na mikwaruzo ni sawa. Cha aina yoyote kilichochakaa hadi kucha inanasa kwenye nyufa kipumzishwe.

Uchafu ukishafika, muda unaamua

Kipindupindu kinahitaji vimelea wengi mno kumwangusha mtu mwenye afya, kwa hiyo mguso mdogo wa mkono mara nyingi hautoshi. Ila mguso huo ukitua kwenye wali uliopikwa, ukaachwa vuguvugu kuanzia asubuhi, wanaongezeka wenyewe. Uchunguzi uliofanywa Guinea miaka ya 1980 ulikuta hatari kwa waliokula mchuzi wa karanga uliolala, lakini si kwa waliokula mchuzi wa nyanya, ambao una uchachu wasioupenda vimelea hao. Nairobi mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliohudhuria mikutano kwenye kumbi na hoteli kubwa, wakiwamo mawaziri. Nguo nyeupe za mezani hazikukizuia. Kinachokinga ni joto: chakula cha kusubiri wateja kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya 5, na kati ya hapo kisizidi saa mbili.

Kuna jambo moja linalonikera zaidi ya yote haya, na si la vyombo. Mamlaka za afya za Marekani zinakadiria kuwa takriban asilimia 70 ya milipuko ya noro inayotokana na chakula husababishwa na wafanyakazi wa jikoni walioambukizwa. Hapa kwetu tunadai cheti cha kupimwa afya, na ni vizuri, lakini cheti kinaeleza hali ya siku ile ya kupimwa. Binti anayelipwa kwa siku, aliyeamka anaharisha, akijua asipokwenda hapati posho na huenda akakuta nafasi yake ina mtu, atakwenda. Atakata kachumbari. Mwenye mgahawa anayempa mgonjwa siku mbili za mapumziko pamoja na posho yake anafanya usafi mkubwa kuliko lita ishirini za jiki.

Nikirudi kwenye ile bucha ya mwanzo, kilichokosekana pale ni ubao wa pili na kisu cha pili. Hoteli kubwa hutumia rangi: nyekundu kwa nyama mbichi, njano kwa iliyopikwa, kijani kwa mboga za kula bila kupikwa. Kibanda kinaweza kufunga utepe mwekundu kwenye mpini wa kisu cha kibichi na kutoboa tundu kwenye pembe ya ubao wake. Aliyekata na kupima nyama asiwe ndiye anayeikatakata mezani, au kama ni mtu mmoja, anawe kwa sabuni na kujikausha katikati. Na wewe mteja, mchomaji anapofika mezani na ubao wake, muulize kwa upole, "Kaka, huu ndio mliobebea mbichi?" Akisita, mwambie akuletee nyama yako kwenye sahani safi, na kisu kilichooshwa, utaikata mwenyewe.